Nilivyozipiga Pasi Diliveri za Kuni

Ndiyo, ni kweli. Nilipiga karatasi pasi, kazini, mchana kweupe, tena kwa pasi ya mkaa. Nasikia hadithi hiyo bado inasimuliwa kiwandani, na kila anayeisimulia anaitia chumvi yake, mpaka sasa ati nilikuwa nazipaka na wanga. Wanga sikupaka. Nyinyi vijana mnaoingia maofisini siku hizi na vishikwambi vyenu kwapani, kaeni niwaeleze mimi mwenyewe, kwa sababu aliyeshika pasi ni mimi na si hao wanaowapigia porojo kantini.

Mimi ni Mama Ouma. Wazazi wangu walitoka upande wa ziwa wakaja Kericho kuchuma chai, nami nikazaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi, katikati ya majani. Nilipomaliza shule niliajiriwa ukarani katika kiwanda cha chai upande wa Konoin, si mbali na Mogogosiek. Jina la kiwanda sitalitaja. Watu wake wangali hai, na wengine ni wepesi wa kununa.

Kazi yangu kwa miaka yote ilikuwa diliveri. Kila mzigo unaoingia langoni unakuja na karatasi yake inayosema umeletwa na nani, kwa gari gani, na ni kiasi gani: mbolea, vipuri, mifuko ya kupakia chai, na kuliko vyote, kuni. Watu wakifikiria chai wanafikiria majani tu. Hawajui kwamba boila inakula mikaratusi kutwa kucha ili itoe mvuke, na huo mvuke ndio unaokausha majani. Mvuke ukipungua, majani yanalala kwenye vitanda vya kunyaushia hadi yanachacha, na jasho la mkulima wa watu linakwenda bure.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Odhiambo, karani mkuu wa enzi zile, mtu mwembamba mwenye tai moja. Wakati huo tuliandika kwa mkono, na nakala ya pili tuliipata kwa karatasi ya kaboni. Siku yangu ya kwanza niliiweka kaboni ikitazama juu. Kutwa nimeandika, nimejipongeza, kumbe nakala zote zimeingia mgongoni mwa karatasi ya juu, na maandishi yameelekea kinyume. Bwana Odhiambo hakunigombeza. Alinipeleka mbele ya kioo cha mahali pa kunawia mikono, akaniambia nizisome diliveri za siku nzima kupitia kioo, yeye akiandika upya. Ningeweza kugeuza karatasi nikasoma upande wa mbele, lakini alitaka nilisome kosa langu. Wafanyakazi wanaingia, wananawa, wananikuta nakisomea kioo habari za mbolea. Tangu siku hiyo sijawahi kukosea kaboni, na kioo sikipendi sana.

Ni yeye aliyeniambukiza chuki ya karatasi zilizokunjwa. Alikuwa akisema, "Nyathina, karatasi iliyokunjwa imetukanwa." Nyathina ni mwanangu, kwa lugha yetu. Basi nikawa mkali. Nyinyi mnajua hali ya huku: saa nane mchana mvua haikosi, na madereva wa trekta wana njia zao za kuikinga karatasi. Mmoja aliiweka ndani ya kofia. Mwingine, mtu wa Londiani aliyetuletea kuni kutoka mbali, aliitia ndani ya gambuti, na diliveri yake niliijua kwa harufu kabla sijaiona. Karatasi ikilowa hivyo usiivute wala usiisugue. Ilaze juu ya ukuta wa draya, ile mashine ya kukaushia majani, pale penye joto la kiasi, uende ukanywe chai. Ukirudi itakuwa imekauka na wino uko mahali pake. Hilo liandikeni, halipo kwenye masomo yenu.

Sasa tuje kwa mashine.

Siku moja meneja alituletea msichana anayeitwa Chebet, mtoto wa wakulima wa viazi wa Londiani, aliyesomea kompyuta Nakuru. Alikuja na skana, na ndani ya kompyuta alikuwa na programu ya kusoma karatasi. Unaiingiza diliveri, inapiga picha, inajisomea jina la mwenye kuni, namba ya trekta na ukubwa wa mzigo, inaandika yenyewe. Kazi ambayo ilinipinda mgongo tangu ujana wangu, lile dubwana liliimaliza kabla sijafunua kalamu.

Sitawadanganya, niliogopa. Nilimwangalia yule msichana nikaona mtu aliyekuja kunivua kiti. Chebet aliliona jicho langu, akavuta stuli akakaa karibu.

"Mum, mimi sijakuja kuchukua kazi yako," akasema. "Nimekuja kuchukua ile part inakuumiza mgongo."

"Na mgongo ukipona, watanilipa wa nini?"

"Watakulipa wa kuangalia kama hii kitu inadanganya. Na itadanganya, usijali."

Alisema kweli. Wiki ile ile nilikuwa nimeweka kikombe cha chai juu ya diliveri, kikaacha duara safi kabisa mwishoni mwa namba. Mashine ikasoma sufuri. Kwenye skrini ikaonekana trekta moja imeleta kuni ambazo zingejaza uwanja wa mpira, na meneja akatoka mbio kwenda kuiona trekta yenyewe. Nilicheka hadi nikatoa machozi, na hapo ndipo nilipoanza kumpenda Chebet, kwa sababu alicheka kuliko mimi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mgongo wangu ulikuwa shahidi.

Lakini mashine ilikuwa na dosari moja. Karatasi yenye mikunjo iliitema. Na karatasi zetu nimeshawaambia zilivyokuwa. Nikaleta pasi ya umeme kutoka nyumbani. Nilipoichomeka, umeme wa ofisi nzima ulizimika, na Chebet akapiga ukelele kama aliyekanyagwa. Meneja akapiga marufuku pasi ya umeme. Hakusema chochote kuhusu pasi ya mkaa. Kesho yake nikaja na ile ya marehemu mama, nzito, yenye kijogoo mbele, na makaa nikawa nachota kwenye boila kwa rafiki yangu Nyabuto.

Nyabuto alikuwa mtu wa Kisii, mtunza boila, jirani yangu kwenye nyumba za wafanyakazi. Alikuwa ameishi na ile boila muda mrefu kuliko alivyoishi na mke wake, na mke wake alikuwa akilisema hilo mbele za watu. Bado kidogo tu astaafu. Kila asubuhi alinijazia pasi kwa sepetu, ananiambia, "Mama Ouma, ukimaliza kupiga karatasi pasi, kuna suruali yangu hapa."

Basi nikawa napiga. Diliveri inafika dirishani, naiweka juu ya kitambaa, naipitisha pasi, naiingiza kwenye skana, mashine inasoma, na kijikaratasi kidogo kinatoka kumwambia dereva akashushe wapi. Kwa kuni kilisema sikuzote: shedi ya mbele, ile iliyo karibu na boila. Mambo yakaenda kama maji mtoni. Kilichoniudhi ni mtu mmoja tu, na huyo ni Mzee Korir.

Mzee Korir ndiye aliyepokea kuni langoni. Mkipsigis wa pale pale Konoin, mtu mzima, maneno yake machache mno. Kumsalimia tu ilikuwa kazi: unasema "chamgei" asubuhi, anakujibu karibu na chakula cha mchana. Yeye alichagua magogo mawili kwenye kila trekta, akayagonganisha, akasikiliza, halafu akatia sahihi kwenye diliveri. Na baadhi ya hizo diliveri alizikunja pembe ya juu. Alikuwa akifanya hivyo tangu nimjue, nami tangu nimjue nilikuwa nikizikunjua huku nikinung'unika. Sasa mashine ilipokuja, badala ya kuacha, alizidisha. Mikunjo ikawa mikali, imesuguliwa kwa ukucha. Nikapandwa na mori. Yeye anakunja, mimi nachoma pasi. Yeye anakunja mara mbili, mimi naongeza makaa. Tuliendelea hivyo wiki baada ya wiki, hatusemezani, kila mmoja akiamini anafanya kazi yake vizuri.

Nawaambia mapema kitu ambacho mimi wakati huo sikukijua, ili mcheke mahali panapostahili. Ile pembe ilikuwa na maana. Kuni kavu zikigongana zinalia, kuni mbichi zinatoa sauti ya kufa. Mzee Korir akisikia mbichi, alikunja pembe mara moja; mbichi kabisa, mara mbili. Zamani dereva aliichukua karatasi yake mwenyewe hadi kwa wapakuzi wa shedi, wakaiona pembe, wakampeleka nyuma ambako kuni huachwa zikauke, na karatasi ikaja kwangu baadaye. Hakuna aliyetamka neno. Mzee Korir hakuandika "mbichi" kwa sababu nusu ya watu wanaouza kuni pale ni majirani zake, na wengine ni wakwe. Kumwambia mkwe mbele ya madereva kwamba kuni zake hazifai ni aibu ambayo haifutiki kwa chai. Pembe haimwaibishi mtu. Mwenye kuni analipwa kwa ukubwa wa mzigo vile vile, kuni zinaenda nyuma, na maisha yanaendelea.

Sasa mashine ilipokuja, karatasi ilianza kupita kwangu kwanza. Wapakuzi hawakuiona tena. Waliona kijikaratasi kinachosema shedi ya mbele, wakadhani ofisi imeamua hivyo. Na mimi, kati ya lango na shedi, nimekaa na pasi yangu naufuta ujumbe wa Mzee Korir, mkunjo kwa mkunjo, kwa bidii ya mtu anayetafuta kupandishwa cheo.

Mvuke ukaanza kushuka. Mshale wa geji ya boila ukawa hausimami panapotakiwa. Majani yakarundikana kwenye vitanda vya kunyaushia, draya zikawa za uvuguvugu, chai ikatoka na harufu ya kuchacha. Meneja akatafuta wa kulaumu, na nani mwingine kama si mtunza boila?

Asubuhi moja, wafanyakazi wote wamekusanyika uani kabla ya zamu, akamwita Nyabuto mbele. "Huyu bwana," akasema, "analala kazini. Boila inazimika yeye akikoroma. Mwisho wa wiki atakabidhi boila kwa mtu mwingine na aende nyumbani."

Nyabuto alivua kofia, akaivaa tena. Mimi moyo uliniuma, kwa sababu nilimjua. Yule mtu hakuwa anaogopa kwenda nyumbani. Nyumbani alikuwa anapataka sana. Alikuwa na shamba lake la ndizi Kisii na alikuwa akihesabu kustaafu kama mtoto anavyosubiri Krismasi. Kilichomchoma ni kwamba huko kwao watu watauliza, Nyabuto mbona amerudi kabla ya wakati? Na watajibiwa, alifukuzwa kwa kulala. Jina hilo lingemzika.

Nilifanya nini? Nilikwenda kumlalamikia. Ndiyo, chekeni tu. Siku ile ile nilikwenda na pasi yangu, nikamwambia makaa yake siku hizi ni mabaya, yanazimika kabla sijamaliza karatasi kumi, tena yanatoa moshi.

"Mama Ouma," akasema, "wewe hata usiongee juu ya makaa. Kuja uone."

Akafungua mlango wa tanuri. Magogo yalikuwa yamelala ndani, yanatoa povu miishoni, yanafoka maji, moto umeyazunguka haujui uanzie wapi.

"Umeona? Kuni inalia. Mimi sipiki mvuke tena, napika supu ya miti. Nimemwambia meneja kuni ni mbichi, anasema kompyuta imeonyesha kila kitu kiko sawa. Sasa mimi nani nibishane na kompyuta?"

Nilisimama pale na pasi baridi mkononi. Nikaenda moja kwa moja kwa Chebet. Nilidhani atatetea mashine yake. Hakutetea. Alifunga alichokuwa akifanya akasema, "Twende kwa gate. Hiyo kuni inapitia kwa mtu."

Tulimkuta Mzee Korir amekaa juu ya gogo. Chebet akachutama mbele yake kwa heshima, akamsalimia kwa lugha yao, halafu akaendelea kwa Kiswahili ili na mimi nisikie.

"Mzee, kuni mbichi zikifika hapa, unafanyaje?"

"Nasema."

"Unasema wapi, mzee?"

"Kwa karatasi." Akachukua diliveri iliyokuwa mfukoni, akaikunja pembe taratibu, akapitisha ukucha. "Hii ni mbichi." Akakunja tena. "Hii ni mbichi kabisa. Na siku hizi nakunja vizuri sana, kwa sababu ya mashine. Si wewe ulisema, chepto, mashine inasoma kila kitu kwa karatasi?"

Chepto ni msichana. Na kweli alikuwa amesema. Siku ya kuileta mashine alisimama mbele yetu wote akasema inasoma kila kitu. Chebet akashika kichwa kwa mikono miwili. "Woiye, mzee. Nilisema. Nilimaanisha kila kitu chenye kimeandikwa."

"Sasa kukunja si kuandika?"

Halafu wote wawili, polepole, wakageuka wakaniangalia mimi, na wakaiangalia pasi. Ningepata shimo ningeitupa humo na mimi nikaifuata. Mzee Korir akakitazama kijogoo chake cha mbele, kisha akasema, "Kumbe ni hii." Basi. Hayo tu. Angenitukana ningeumia kidogo kuliko nilivyoumia.

Kumwambia meneja haikuwa rahisi kama mnavyodhani. Mzee Korir alikataa katakata. Alisema akieleza pembe, meneja atataka kujua kuni zenyewe ni za nani, na nyingi kuliko zote ni za mkwe wake, baba wa mke wa kijana wake. "Binti yake ananipikia," akasema. "Nitakula namna gani jioni?" Nikamwambia, na Nyabuto je, atakula namna gani na jina la usingizi? Akaikunjua ile pembe, akaikunja tena. Nilikasirika, nikawa nataka kupaza sauti, na Chebet akanigusa mkono.

"Mzee," akasema, "mashine inajua kusoma jina. Basi inajua kulifunika pia."

Hapo ndipo nilipojua kwamba yule msichana hakusomea kompyuta tu. Mashine ilikuwa imehifadhi picha ya kila karatasi. Mkunjo uliopigwa pasi haupotei wote. Unabaki mstari mwembamba pale pembeni, kama kovu. Chebet akazitafuta zote zenye mstari, akayafunika majina kwa utepe mweusi, akazipanga. Tukaingia ofisini kwa meneja sisi watatu. Mzee Korir akaeleza pembe kwa sentensi mbili. Nikaeleza pasi, kwa sentensi nyingi kidogo, maana nilikuwa na la kujieleza. Meneja akazipitia zile picha, uso unabadilika.

"Hizi kuni ni za nani?" akauliza. "Funua hapa."

Chebet hakugusa kitufe. Mzee Korir akasimama.

"Andika Korir," akasema. "Zilipita kwa mkono yangu."

Meneja alimtazama, akatazama dirishani, akaacha. Ni mtu wa hasira za haraka lakini si mjinga. Akaagiza vibarua wazihamishe kuni zote mbichi zipelekwe nyuma, na akatuma mtu amwite Nyabuto. Akafunga mlango, akamnyoshea mkono, akamwambia samahani, kumetokea hitilafu, rudi kwenye boila tuyasahau.

Nyabuto hakuupokea mkono. Mikono yake aliiweka nyuma, kwa adabu kabisa.

"Meneja," akasema, "ile siku uliniambia nalala, ulikuwa umefunga mlango?"

Akasema kazi ataifanya, kwa sababu kuna majani ya watu kwenye vitanda na hayana kosa. Lakini mwisho wa wiki atakabidhi boila kama alivyoambiwa na kwenda zake, maana mtu hawezi kufanya kazi na jina alilopewa mbele ya watu kisha akarudishiwa la kwake kisirisiri. Akatoka. Meneja akabaki na mkono wake hewani.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Boila ikaanza kupata kuni kavu, lakini Nyabuto hakutania tena kuhusu suruali. Mke wake akaanza kufunga vyombo kwenye magunia. Mimi sikulala vizuri, nawaambia ukweli. Kwenye ofisi, Chebet aliamua kuifundisha mashine kusoma pembe badala ya kuitema. Kwanza alitaka kuweka taa nyekundu ya kuandika MBICHI, Mzee Korir akakataa, akasema taa nyekundu inapiga kelele. Basi mashine ifundishwe kuutambua mkunjo wenyewe, na ili ijifunze ilihitaji mifano mingi. Mnadhani ni nani alipewa kazi ya kukunja? Mimi, mwanafunzi wa Bwana Odhiambo, nilikaa kutwa nzima nikikunja karatasi nzuri kabisa, na Mzee Korir amekaa kando kunisahihisha.

"Hiyo ni kukunja gani? Hiyo ni sikio ya mbuzi."

Hakuwahi kuniambia maneno mengi hivyo tangu nimjue. Na mashine ikajifunza, vijana. Ile pembe ikipita, kijikaratasi kinasema tu "shedi ya nyuma", hakuna mtu amesomewa sifa zake. Mpaka nastaafu ilikuwa bado inafanya hivyo. Kwa hiyo msije mkaniambia mashine haina adabu. Ina adabu ya yule aliyeifundisha, na ikikosa, muulizeni huyo.

Ikafika siku ya mwisho wa wiki. Zamu mbili zinapishana uani, watu wa asubuhi wanatoka na wa mchana wanaingia, wachumaji wameshusha majani, madereva wa kuni wamepanga foleni. Boila ilikuwa imeshiba. Mshale wa geji umesimama imara, mvuke unanguruma kwenye mabomba hadi unausikia kwenye meno. Nyabuto alikuwa mlangoni pa boila, glavu zake amezikunja mkononi tayari kuzikabidhi, na yule aliyeambiwa amrithi amesimama mbali kidogo, haoni pa kuweka macho.

Meneja akatoka ofisini. Akavuka ua wote huku watu wanampisha, akaenda akasimama mbele ya Nyabuto. Mimi na Chebet tulikuwa dirishani. Tukaona midomo yake inacheza.

Nyabuto akaweka mkono sikioni. "Sijasikia, meneja. Boila ina kelele."

Meneja akasema tena. Nyabuto akatikisa kichwa kwa masikitiko, akaonyesha mabomba. Kuna dereva aliyeanza kucheka, akazibwa mdomo na mwenzake. Meneja akashika kiuno, akavuta pumzi, na safari hii akapiga kelele kwa nguvu zake zote, mpaka akina mama waliokuwa wakigeuza majani kwenye vitanda vya kunyaushia wakaacha mikono hewani:

"NYABUTO HAKULALA! NYABUTO HAJAWAHI KULALA! NILIKOSEA MIMI!"

Nililia, sioni haya kusema. Chebet naye alikuwa anajifanya anasafisha miwani.

"Hiyo nimesikia," akasema Nyabuto. Akazivaa glavu zake, akafungua mlango wa tanuri, akaongeza gogo.